Migongo ya Onesmus Mwakesi

Watu wa Voi wana tabia moja inayoniudhi: mtu akishakufa, humpa kimo ambacho hakuwa nacho. Nimeambiwa kuwa Onesmus Mwakesi alikuwa mrefu wa kugusa paa la behewa bila ngazi, kwamba alizungumza na wafu, na kwamba rangi zake alizichanganya kwa damu ya mbuzi. Uongo mtupu. Alikuwa mfupi, alikuwa na ngazi ya vidato vitano, na rangi yake ilikuwa ile ile ya reli, mabaki ya chini ya kopo. Haya ninayoyaandika niliyapata kwa bintiye, Tryphena, ambaye hakuwa mwongo kwa sababu hakuwa na subira ya kutunga kitu.

Onesmus alizaliwa Ronge, mlimani, wakati reli ya Voi ilikuwa bado habari ya kusikia tu. Wamisheni walimbatiza, wakampa jina la Onesmus na vitabu viwili vya kusomea, na mwaka 1907 akateremka Voi kutafuta kazi. Aliipata chini ya fundi mmoja singasinga, mkali kama pilipili, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka mabehewa rangi na kuyaandika namba ubavuni. Kwa miaka minane Onesmus akaandika namba. Alikuwa na mkono mzuri. Tano yake ilikuwa na tumbo, saba yake ilisimama wima, na wenzake wa karakana walidai wangeweza kulitambua behewa aliloliandika yeye hata likipita kwa kasi. Hilo naliamini.

Njia yake ya kuchora ilitokana na kosa, tena kosa la kijinga. Mwaka 1911 alipewa kibao kipya cha stesheni akipake. Kazi yenyewe haikuwa na siri: rangi nyekundu ya chini kwanza, ikauke, nyeusi juu yake, ikauke, kisha herufi nyeupe. Nyeusi ikiwa bado mbichi, alikiacha kibao juu ya mawe mawili nje ya karakana, akaenda kula. Mtu yeyote aliyekaa Voi wakati wa kiangazi angemkataza. Upepo wa mchana ulikuja na vumbi lote la nyanda, na aliporudi kibao kilikuwa chekundu kuliko barabara.

Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza kufuta upesi kabla fundi hajamkuta. Palipofutika, vumbi liliondoka pamoja na nyeusi, na ile nyekundu ya chini ikachungulia. Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa akivuka reli na mkungu wa ndizi za Taveta mgongoni. Onesmus hakukusudia kumchora. Alikuwa akimtazama tu huku akifuta, mkono ukawa unamfuata, na kitambaa kiliposimama mwanamke alikuwa yuko kibaoni, yeye na ndizi zake. Fundi alirudi, akatazama kwa muda, akauliza kwa Kiswahili chake cha karakana kama sasa abiria wa Voi watajua kushuka kwa kusoma ndizi. Kibao kilikwanguliwa, kikapakwa upya, na Onesmus akatukanwa mpaka jioni.

Lakini jambo lilikuwa limeshamwingia. Jumapili baada ya ibada alianza kuokota mbao za mabehewa yaliyovunjwa. Alizipaka ile nyekundu, zikakauka. Akachanganya masizi ya taa na mafuta ya kitani, akapaka juu yake nyembamba. Kisha akachekecha vumbi la Voi, akalinyunyiza juu ya weusi ule mbichi, kama mpishi anavyonyunyiza unga kwenye kibao cha chapati. Akangoja siku mbili kiangazi, nne wakati wa mvua, mpaka rangi iwe haijakauka wala haitiririki. Hapo ndipo kazi ilipoanza: kitambaa, dole gumba, mwiba wa nungu, na msasa uliokwisha makali. Brashi hakuigusa. Brashi, alisema, ni ya namba.

"Wengine wanapaka," alimwambia Tryphena. "Mimi nafuta."

Fundi singasinga, ambaye kazi yake aliijua vizuri, alimwonya kuwa mafuta na vumbi havikai pamoja na kwamba rangi ile itapasuka kabla ya mwaka. Alisema kweli. Mbao mbili nilizoziona mimi zimepasuka kila mahali kama tope lililokauka, na sioni kama zimeharibika.

Miaka hiyo alichora nyuso kama watu wote, na Tryphena aliniambia zilikuwa mbaya. Migongo ilikuja baada ya vita.

Vita vilipofika, Voi ilijaa askari, na reli nyingine ikatandikwa kuelekea Taveta. Mwaka 1916 Onesmus alichukuliwa kwenye kikosi cha wapagazi, Kariakoo kama watu walivyokiita. Yeye aliyeandika namba kwenye mabehewa akavikwa namba shingoni, kwenye kibati. Kwa miezi saba alitembea katika mstari mmoja, kutoka Taveta hadi nchi ya Rufiji, na miezi yote hiyo mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa Mwandoe, kijana wa Ronge, mwana wa pekee wa mama mmoja mjane aliyeitwa Mghoi. Onesmus aliujua mgongo wa Mwandoe kuliko alivyojua kitabu chochote. Ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa imechanika tangu utotoni, ilipokwaruliwa na pembe ya mbuzi. Chini ya shingo palikuwa na mfupa uliotokeza. Alipochoka, bega la kulia lilitangulia kushuka, na Onesmus akajua kwamba baada ya hatua mia mbili au tatu yeye naye atachoka.

Mwandoe alikufa mwaka 1917 kwa kuhara damu. Onesmus na mwenzake mmoja walimfukia kando ya njia kwa mikono na kwa sahani ya bati, na kulipokucha msafara ukaondoka. Mahali penyewe hakuna aliyeweza kupaonyesha tena. Ilikuja karatasi Ronge, ikasomwa. Ilikuwa na namba ya kibati na tarehe. Jina halikuwamo.

Onesmus alirudi mwaka uliofuata, akiwa mifupa mitupu, akapona, akarudi kwenye ngazi yake ya vidato vitano na namba zake. Na Jumapili, alipokaa mbele ya ubao, kila mtu aliyemtoa kwenye weusi alikuwa amempa mgongo. Wapagazi. Wanawake wa ndizi. Askari wakipanda treni. Watu walicheka, wakambandika jina la Migongo, na jina likashika.

Kichekesho kikubwa kilikuwa cha duka la Sheikhan. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Mombasa, mwuza mafuta na nguo, na ndiye aliyempatia Onesmus mafuta ya kitani kutoka pwani. Mwaka 1920 alimwomba amchoree kibao cha mlangoni, mteja akinunua kitambaa. Onesmus alileta mteja mwenye kisogo kizuri ajabu, na mabega, na kitambaa begani.

"Wewe Onesmus," Sheikhan akasema, "mbona mteja wangu wanichorea akienda zake? Wataka watu waseme dukani kwangu hamna kitu? Akupaye kisogo si mwenzio, bwana!"

"Haendi, mzee. Anaingia."

Sheikhan alikitazama tena. Kweli, ukitaka, mtu yule alikuwa akiingia. Lakini aliyemaliza shauri alikuwa mkewe, Mwanaesha, aliyechungulia kutoka uani akasema kwamba yeye tangu hapo hakupenda picha ya mtu mlangoni pake, na kwamba hii, kwa kuwa haina uso, haimtii Mwislamu katika lawama. Kibao kikatundikwa. Mojawapo ya zile mbao mbili nilizoziona ni hicho.

Sasa nifike kwa Mghoi, maana bila yeye nisingejisumbua kuandika.

Desturi ya Wadawida, Wataita wa mlimani, siku zile ilikuwa hivi. Mtu akishazikwa, baada ya mwaka au zaidi kaburi lilifunguliwa, kichwa kikatolewa, kikapelekwa kwenye pango la ukoo kukaa pamoja na vichwa vya baba zake. Hapo ndipo alipohesabiwa amefika. Na ukoo ulipokusanyika kuomba mvua au afya, mzee alisimama mbele ya pango akawataja wote kwa majina, mmoja mmoja. Mwandoe hakuwa na kaburi la kufunguliwa. Kila walipokusanyika, mzee Mwasaru, ndugu wa marehemu mume wa Mghoi, alitaja majina mpaka mahali ambapo Mwandoe angekuwa, akapita. Miaka minne Mghoi alisimama nyuma ya wengine akisikia jina la mwanawe likirukwa. Alikuwa na kikohozi ambacho hakikupona, na alijua yeye akifa hatabaki hata wa kusikitika kwamba limerukwa.

Mwaka 1921 aliteremka Voi kwa miguu, akamkuta Onesmus juu ya ngazi.

"Nimesikia unatoa watu kwa ubao," alimwambia. "Nitolee mtoto wangu. Nataka kumpeleka kwa baba zake."

Onesmus alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani, na mwalimu wa misheni alikuwa amewakataza mambo ya mapango. Tryphena alisema baba yake hakulifikiria hilo hata kidogo siku ile. Alishuka kwenye ngazi, akasema, "Ndiyo, mama." Kisha akajuta, kwa sababu alikumbuka kwamba uso wa Mwandoe alikuwa amekwisha kuusahau.

Hili lilimtia aibu ambayo hakuisema kwa mtu miezi mingi. Mtu umekula naye, umelala ubavuni pake, umemfukia, halafu uso wake hauji! Alijaribu. Alifuta ubao wa kwanza, akatokea kijana mwenye macho mapole. Mghoi aliteremka tena kutoka Ronge, akautazama.

"Huyu ni mtu mzuri," alisema, "lakini mimi simjui."

Alifuta wa pili. Safari hii Mghoi alimtazama Onesmus, akautazama ubao, akamtazama tena.

"Huyu ni wewe."

Ndipo Onesmus akaweka kitambaa chini, akamwambia ukweli. Alisema kwamba miezi saba alikuwa nyuma ya Mwandoe, na kwamba jua lilipotua walikuwa wamechoka mno kutazamana. Alisema anaona haya. Mghoi hakumlaumu wala hakumfariji. Alifunga kanga yake vizuri, akasema, "Basi nipe ile uliona," akaanza safari ya kurudi mlimani.

Ubao wa tatu ulikuwa wa msaji, mti mgumu, umetoka ubavuni mwa behewa bovu, mrefu kidogo kuliko mkono wa mtu. Onesmus aliupaka upande wa ndani. Alingoja siku zake mbili, akaanza kufuta Jumapili asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Sikio lilichanika lenyewe. Bega la kulia likashuka. Sijauona ubao huo, na hakuna aliye hai aliyeuona, lakini Tryphena, ambaye kazi za baba yake alizihesabu kuwa uchafu wa nyumba, aliniambia kuwa huo ulimtisha, kwa sababu alisimama akingoja yule mtu ageuke. Mzungu mmoja wa reli aliuona umeegemezwa karakanani, akaomba kuuchukua auonyeshe kwao Ulaya. Onesmus alimjibu kuwa una mwenyewe. Kwa siku tatu, hata hivyo, aliufikiria huo ukuta wa Ulaya. Alikuwa binadamu.

Mghoi alipoletwa mbele ya ubao alisogea karibu nao. Kisha akagusa hewa karibu na lile sikio, asiharibu rangi.

"Ndivyo alienda," alisema. "Alishuka mlima hivi. Mimi nilikuwa mlangoni."

Akalia, na Onesmus akalia naye, hapo hapo karakanani, watu wakipita na nyundo zao.

Waliupandisha ubao mlimani mwanzoni mwa 1922, Onesmus akiubeba kichwani juu ya kata ya majani makavu ya mgomba, kama alivyobeba mizigo ya vita. Mzee Mwasaru aliwangoja mbele ya pango pamoja na wanaume watatu wa ukoo. Alikuwa mzee mwenye maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa ya kukataa.

"Hapa tunaweka vichwa," alisema. "Hii ni ubao ya gari la moshi."

"Kichwa nilitoa," Mghoi akamjibu. "Nilitoa kizima, na mwili yake yote. Kama haikurudi, ni makosa ya mtoto?"

"Asiyekuwepo na lake halipo, shemeji."

"Basi siku yangu ikifika, na mimi mniruke."

Mwasaru alimgeukia Onesmus.

"Wewe ulikuwa na yeye. Ulimwona akikufa?"

"Nilimfukia kwa mikono hii, mzee."

Mwasaru akaitazama ile mikono kwanza, kisha ndipo akainama kuutazama ubao. Alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu. Alimjua Mwandoe tangu kuzaliwa, na ilionekana amemwona. Aliposimama, sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

"Wote humu wanaangalia nje," alisema. Na ilikuwa kweli: vichwa vyote vya ukoo ule vilikuwa vimepangwa kwenye mwamba vikielekea bondeni, mashamba yao yalipo. "Huyu anaangalia wapi?"

"Mbele yake, mzee."

"Mbele yake ni wapi?"

Onesmus akanyoosha mkono kuonyesha nyuma ya ubao.

"Basi tukimweka hivi," Mwasaru akasema, "ataangalia mwamba siku zote. Tena atakuwa ametupa kisogo sisi na mama yake." Akaushika ubao kwa mikono miwili, taratibu, akaugeuza. Mgongo wa Mwandoe ukaelekea mwambani. Upande usiochorwa ukaelekea nje. "Sasa anaona shamba."

Hakuna aliyeweza kubishana na hilo. Onesmus alitaka. Alimwambia Tryphena baadaye kwamba ilimuuma kama kuzika mara ya pili, maana alijua mwamba una unyevu, na kwamba kazi pekee aliyoifanya vizuri katika maisha yake haitaonwa na mtu tena. Lakini aliwaza pia kwamba mzee amesema kweli. Kama mgongo uko upande ule, uso lazima uwe upande huu.

Kisha akaona kitu kilichomfanya asahau maumivu hayo. Upande huu, uliokuwa nje ya behewa, ulikuwa bado na namba. Tano yenye tumbo, saba iliyosimama wima. Alikuwa ameiandika mwenyewe, labda mwaka wa 1912, na alipokuwa akifuta upande wa pili hakuwahi kuufikiria huu. Mwandoe alikuwa anatazama bonde la baba zake akiwa na namba usoni.

"Nipeni kisu," alisema.

Mmoja wa wale wanaume alimpa. Onesmus alipiga magoti mbele ya pango, akaanza kukwangua. Rangi ya reli si rangi ya mchezo, na fundi singasinga alikuwa amemfundisha kupaka ili idumu. Alikwangua tano, akakwangua saba, akakwangua na zile zilizofuata, mpaka msaji ukabaki wenyewe, safi, wenye mistari yake. Alipuliza vumbi, akapangusa kwa dole gumba. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

Mghoi alisogea, akaweka kiganja kwenye ule mti mtupu. Akaupapasa kutoka juu kwenda chini, paji, pua, kidevu, bila kubabaika mahali popote, kwa kuwa uso huo yeye hakuwahi kuusahau.

"Ndiye," alisema.

Mwasaru alikohoa, akasimama mahali pake mbele ya pango, akaanza kutaja majina, kuanzia yule wa zamani kabisa. Wote wakainamisha vichwa. Alipofika pale alipozoea kuruka, hakuruka.